Likopodi ya Pingili: Mmea wa Misitu ya Baridi na Namna ya Kuutaja kwa Kiswahili

likopodi *nomino* [i-/zi-] Mmea mdogo wa kijani kibichi, usiotoa maua wala mbegu, wenye shina litambaalo na majani membamba yaliyosongamana, unaozaana kwa spora. ~ ya pingili aina ya likopodi ya misitu ya kaskazini ambayo machipukizi yake yana alama za mwaka hadi mwaka. Kwa jina la kisayansi *Spinulum annotinum*.

Mfasiri anayepewa makala kuhusu misitu ya Ufini, Uswidi au Kanada hukutana mapema na kikwazo kidogo ambacho hukua kadiri anavyosonga mbele. Chini ya misonobari na jamaa zake, ardhi ya misitu hiyo imefunikwa na zulia la mimea mifupi ya kijani, na lugha za wenyeji zina jina kwa kila aina. Kiswahili kimekulia pwani, katikati ya minazi na mikoko, na hakikuwa na haja ya majina hayo. Basi mfasiri hushika neno lililo karibu: mara *kuvumwani*, mara *kangaga*, mara *majani ya msituni*. Sentensi hukamilika, lakini msomaji hubaki na picha ya mmea mwingine kabisa.

Kosa hilo si la urembo wa lugha tu. Miongoni mwa mimea inayochanganywa hivyo upo unaolika, upo wenye sumu, na upo uliolindwa kwa sheria asiuchume mtu. Wapo leo wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Uswidi, Norwe, Ufini na Kanada, ambao watoto wao hutembea katika misitu hiyo pamoja na walimu wao na kurudi nyumbani na maswali. Jina lisilo sahihi laweza kumfanya mzazi aokote kisichostahili kuokotwa, au atie chunguni kisichostahili kupikwa. Makala haya yanaeleza mmea mmoja kati ya hiyo, kisha yanapendekeza namna ya kuutaja.

Mmea wenyewe

Likopodi ya pingili huota katika ukanda wa misitu ya baridi unaoizunguka dunia upande wa kaskazini: Skandinavia, Ufini, Urusi hadi Siberia, Alaska, Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani. Hupatikana pia Greenland, katika milima ya Uskoti na katika safu za Alps. Hupenda kivuli, unyevu, na udongo wenye asidi uliofunikwa na takataka za majani makavu ya misonobari.

Shina lake kuu halisimami. Hutambaa juu ya ardhi au chini kidogo ya majani yaliyooza, nalo laweza kupita urefu wa mita 1. Kutoka shina hilo huchomoza machipukizi yanayosimama wima, aghalabu ya sentimita 10 hadi 25. Kila chipukizi limevikwa pande zote majani membamba yenye urefu wa milimita chache, yaliyotanuka kama bulashi ya kuoshea chupa, na kila jani huishia katika ncha kali. Mtu akipitisha kiganja juu yake huhisi mchomo mdogo. Majani hayo hayapukutiki wakati wa baridi. Theluji huyafunika miezi mingi, na inapoyeyuka hukutwa yangali ya kijani.

Alama inayoitofautisha aina hii na nduguze inahitaji jicho tulivu. Kila kiangazi chipukizi hurefuka kidogo kutoka nchani. Msimu unapofikia ukingoni, majani ya mwisho huwa mafupi, nayo hulalia shina badala ya kutanuka. Mwaka unaofuata ukuaji huanza tena, na majani mapya hutanuka kama kawaida. Matokeo yake ni kwamba chipukizi huonekana limebanwa kiunoni kila baada ya umbali fulani, kana kwamba mtu amelifunga uzi. Kutoka kiuno kimoja hadi kingine ni mwaka mmoja. Anayetaka kujua umri wa chipukizi hilo hana haja ya chombo chochote: huhesabu sehemu zake kutoka chini hadi juu. Wanaikolojia wamezitumia alama hizo kulinganisha miaka mizuri na miaka mibaya, kwa kuwa kiangazi chenye joto la kutosha huacha sehemu ndefu, na kiangazi kigumu huacha sehemu fupi.

Neno pingili

Hapa ndipo Kiswahili, kisichokuwa na jina la mmea huu, kinapoonekana kuwa na neno lililo tayari kwa sifa yake kuu. Kila aliyemenya muwa anajua *pingili*: ni kipande cha shina kilicho kati ya kifundo kimoja na kingine. Mwanzi una pingili, muwa una pingili, mtama una pingili. Mtu akisema shina lina pingili, msikilizaji wa pwani au wa bara huona mara moja shina lililogawanyika bila kukatika.

Lazima tukiri tofauti moja. Pingili ya muwa hupimwa kwa vifundo, na muwa mmoja huweza kutoa pingili nyingi katika msimu mmoja wa kukua. Pingili ya likopodi hii hupimwa kwa majira ya baridi, na kila moja ni kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo neno limepanuliwa maana kidogo, lakini halikuvunjwa. Umbo linalotajwa ni lile lile, na sababu ya umbo huelezwa katika sentensi inayofuata, kama mwandishi yeyote mwangalifu angefanya.

Jina la kisayansi nalo linaelekea huko huko. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyesafiri Lapland mwaka 1732 na kuandika kitabu kizima kuhusu mimea ya huko, aliupa mmea huu jina *Lycopodium annotinum* katika mwaka 1753. Neno la Kilatini *annotinus* lina maana ya kitu cha mwaka uliopita, au chenye umri wa mwaka mmoja. Mwaka 2003 mtaalamu wa Marekani, Arthur Haines, aliuhamishia katika jenasi ya *Spinulum*, jina linalokumbusha kijiba kidogo, kwa sababu ya zile ncha za majani. Majina yote mawili bado yanatumika katika maandishi, na msomaji akiyakuta yote mawili ajue kwamba mmea ni mmoja.

Mguu wa nani?

Ukitazama jinsi lugha za Ulaya zilivyoupa jina mmea huu na jamaa zake, utaona kwamba karibu zote zilianzia mahali pamoja: nyayo za mnyama. Ncha za matawi machanga, laini na zenye vinyweleo, ziliwakumbusha watu kiganja cha mnyama chenye manyoya.

*Lycopodium* limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: *lykos*, yaani mbwa mwitu wa kaskazini, na *pous*, yaani mguu. Kijerumani husema *Bärlapp*, ambapo sehemu ya kwanza ni dubu na ya pili ni neno la kale la kiganja. Kinorwe husema *kråkefot*, mguu wa kunguru. Na aina yetu yenye ncha kali huitwa *stri kråkefot*, yaani mguu wa kunguru ulio mgumu. Kifini huiita aina mojawapo ya jamaa hizi *katinlieko*, ambapo *katin* ni "ya paka", na aina yetu *riidenlieko*. Kiingereza kiliacha nyayo, kikatazama vichwa vya spora vinavyosimama kama rungu, kikaunga rungu hilo na jina la mimea midogo ya mawe yenye unyevu. Muungano huo ndio uliozaa mkanganyiko mwingi, kama tutakavyoona.

Je, Kiswahili nacho kifuate nyayo hizo na kusema *mguu wa mbwa mwitu*? Hatushauri. Kwanza, msomaji wa Afrika Mashariki akisikia *mbwa mwitu* humwona yule mnyama wa Serengeti na Selous mwenye mabaka na masikio ya mviringo, si yule wa misitu ya theluji. Tafsiri za Biblia zimelitumia neno hilo kwa mnyama wa pili, na hivyo limebeba mizigo miwili tayari. Pili, jina la mmea kwa Kiswahili, linapotokana na picha, hutokana na kile ambacho msemaji mwenyewe amekiona. *Kifauongo* ni mfano bora: mmea ambao ukiguswa hukunja majani yake kana kwamba umekufa. Aliyeubuni jina hilo aliugusa mmea kwanza. Picha ya kuazima, ya mnyama ambaye msemaji hakupata kumwona, haina nguvu hiyo.

Ndiyo maana tunachukua njia ya kati. Jina la kundi linatoholewa kutoka jina la kisayansi na kupewa sauti za Kiswahili: *likopodi*. Jina la aina hutokana na kile kinachoonekana: *ya pingili*. Msomaji wa sayansi atalitambua neno la kwanza, na msomaji wa kawaida atalishika la pili.

Si kuvumwani, si kangaga

Sasa tuyatazame maneno ambayo hutumiwa mahali pasipo pake.

*Kuvumwani* limeundwa kwa kuunga *kuvu* na *mwani*. Kwa muundo wake linakifaa kiumbe ambacho kwa kweli ni ushirika wa kuvu na mwani, kinachoshika kwenye magome ya miti na kwenye mawe, chenye rangi ya kijivu, ya njano au ya kijani iliyofifia. Baadhi ya waandishi hulitumia pia kwa mimea midogo laini ya kijani inayofunika magogo, yaani briofita. Matumizi hayo yanaeleweka, lakini yanaliondolea neno usahihi wake. Tunapendekeza *kuvumwani* libaki kwa ushirika wa kuvu na mwani pekee. Kwa vyovyote vile, likopodi haimo katika maana yoyote kati ya hizo mbili.

*Briofita* ni mimea halisi, lakini haina mishipa kamili ya kupitishia maji, wala mizizi ya kweli. Hushika ardhi kwa vijinywele. Ndiyo sababu mingi yake haiinuki juu sana. Likopodi, ijapokuwa ni fupi, ina mizizi, ina shina, na ndani ya shina mna mishipa ya zailemu inayopandisha maji na ya floemu inayosambaza chakula. Kwa kipimo hicho likopodi iko karibu zaidi na mpera wa nyumbani kuliko na ule ukijani laini wa ukingo wa kisima.

*Kangaga* nalo ni mmea wenye mishipa na usiotoa mbegu, na kwa hiyo hulinganishwa na likopodi. Hata hivyo, jani la kangaga ni kubwa, lina mishipa iliyotawanyika, na linapochipua huwa limejikunja kama konokono. Jani la likopodi ni dogo, lina mshipa mmoja tu usiogawanyika, na halijikunji. Spora za kangaga huwa chini ya jani au pembezoni mwake. Za likopodi ya pingili hukaa katika kirungu kinachosimama juu ya ncha ya chipukizi. Ukoo wa likopodi ulijitenga na ukoo wa mimea mingine yote yenye mishipa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kabla kangaga halijatokea.

Tofauti hizi zina uzito jikoni. Katika mashariki mwa Kanada, machipukizi machanga ya aina fulani ya kangaga huchumwa wakati theluji inapoyeyuka, yakapikwa na kuliwa. Katika Iceland na Skandinavia ipo aina ya kuvumwani ambayo watu waliiloweka na kuila hasa nyakati za njaa, na aina nyingine ndiyo malisho makuu ya majira ya baridi ya wanyama wa jamii ya kulungu wanaofugwa na Wasami. Likopodi haimo katika orodha hiyo. Ina kemikali za kundi la alkaloidi zenye sumu; mojawapo, iitwayo annotinini, ilipewa jina kutokana na mmea huu huu. Mfasiri anayeita vyote vitatu *kuvumwani*, au vyote vitatu *kangaga*, ameweka chakula na sumu katika kapu moja.

Spora, si mbegu

Juu ya machipukizi yaliyokomaa husimama koni ndogo, moja kwa kila ncha, isiyo na kikonyo. Tunaweza kuiita *kirungu*. Ndani yake, kwenye makwapa ya vijani vilivyobanana, mna vifuko vyenye unga wa manjano. Kila chembe ya unga huo ni *spora*.

Usiiite *mbegu*. Mbegu ina kiinitete ndani yake na akiba ya chakula. Ukiipanda hutoka mmea unaofanana na mzazi. Spora ni seli moja tu. Usiiite *chavua* pia, kwa sababu chavua husafiri kulifuata yai lililoko katika ua au koni nyingine, ilhali spora haitafuti chochote ila ardhi.

Kinachotoka katika spora ya likopodi si likopodi tunayoijua. Ni mwili mdogo uitwao *gametofiti*, unaoishi chini ya ardhi gizani. Hauna klorofili, hauwezi kufanya usanisinuru, na hauna jani hata moja. Hulishwa na kuvu walioingia ndani yake. Hubaki katika hali hiyo miaka mingi kabla haujakomaa na kutoa mbegu za kiume na mayai. Mbegu hizo za kiume huogelea katika maji yaliyomo udongoni hadi kwenye yai, na hapo tu ndipo huanza kuota mmea wa kijani unaochomoza juu ya ardhi.

Mmea huo ukishasimama, huendelea kwa njia nyingine. Shina hutambaa mbele, hugawanyika matawi, na sehemu ya nyuma huzeeka na kuoza. Matawi yaliyokuwa ya mama mmoja hubaki yakiwa mimea mingi isiyoshikana. Zulia pana la likopodi katika msitu wa zamani mara nyingi ni mtu na nafsi yake: mmea mmoja uliotembea polepole, ukijiacha nyuma na kujikuta mbele. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha likopodi hujazwa kwa umri wa vizazi kadhaa vya wanadamu.

Unga wa likopodi

Spora za likopodi, hasa za aina iitwayo *Lycopodium clavatum*, zina historia katika biashara na sayansi. Kila chembe ina upana wa takriban mikromita 30, ina mafuta ndani, na haishiki maji. Ukiunyunyiza unga huo juu ya maji kisha ukatumbukiza kidole, kidole hutoka kikavu, kwa kuwa unga hujitandaza kati ya ngozi na maji. Wafamasia wa zamani waliutumia kupakia vidonge ili visishikamane.

Ukiwa umelala mahali pamoja, unga huo hushika moto kwa shida. Ukitawanywa hewani, huwaka ghafla kwa mwale mkubwa. Wajerumani waliuita *Hexenmehl*, unga wa wachawi, na majumba ya maigizo ya Ulaya yaliutumia kuiga radi. Mwaka 1807 ndugu wawili wa Ufaransa, Claude na Nicéphore Niépce, walipata hataza ya injini yao iliyoitwa *Pyréolophore*, mojawapo ya injini za mwanzo kabisa zinazochoma mafuta ndani yake. Mafuta yake ya kwanza yalikuwa unga wa likopodi, na injini hiyo iliisukuma mashua katika mto Saône. Nicéphore ndiye yule yule aliyekuja kujulikana duniani kwa uvumbuzi wa picha.

Hadi leo wanaochunguza chavua za kale zilizozama katika matope ya maziwa huongeza katika sampuli yao idadi inayojulikana ya spora za likopodi. Wakizihesabu baadaye chini ya hadubini pamoja na chavua, hupata njia ya kukadiria chavua ilikuwa nyingi kiasi gani.

Kwa Kiswahili neno linalofaa ni *unga wa likopodi*. *Poda ya likopodi* nalo linakubalika, hasa katika maandishi ya famasia. *Vumbi la likopodi* tuliepuke, kwa kuwa vumbi ni kitu kilichoharibika au kilichotimka, wala si kitu kilichokusanywa kwa kusudi.

Jamaa zake walioko kwetu

Likopodi ya pingili yenyewe haioti Afrika. Lakini kundi lake si geni kabisa kwa nchi zinazosema Kiswahili. *Lycopodium clavatum*, ile yenye unga mashuhuri, huota pia katika milima mirefu ya Afrika Mashariki. Aina nyingine, *Huperzia saururus*, husimama wima kama vidole vinene katika nyanda za juu za Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, mahali penye barafu usiku na jua kali mchana. Na *Palhinhaea cernua*, ambayo vijirungu vyake huinama chini, huota katika maeneo yenye joto na unyevu, pembezoni mwa njia na kwenye kingo zilizochimbwa. Kwa hiyo neno *likopodi* si la mambo ya ughaibuni peke yake. Mwongoza watalii wa Kilimanjaro na mwalimu wa biolojia wanalihitaji vilevile.

Tahadhari moja kwa waandishi wa vitabu vya shule. Husemwa mara nyingi kwamba makaa ya mawe yametokana na likopodi. Ni kweli kwa sehemu kubwa ya makaa ya Ulaya na ya mashariki mwa Marekani, yaliyotokana na misitu ya kinamasi ya zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ambamo jamaa za likopodi walikuwa miti ya kimo cha mita 30 na zaidi. Makaa ya kusini mwa Tanzania, kama ya Kiwira na Mchuchuma, ni ya kipindi cha baadaye, nayo ni ya tabaka za Karoo, zilizofanyika katika mazingira mengine na misitu ya aina nyingine. Sentensi iliyo sahihi Newcastle si lazima iwe sahihi Mbeya.

Ngeli na matumizi

Majina ya mimea kwa Kiswahili huelekea sana ngeli ya [u-/i-]: *mwembe/miembe*, *mbigili/mibigili*, *mlangamia/milangamia*. Kwa hiyo mwandishi angeweza kuunda *mlikopodi/milikopodi*. Muundo huo si kosa, lakini una udhaifu: kiambishi *m-* humfanya msikilizaji atarajie kitu kinachosimama kama mti, na humtarajisha pia tunda lenye jina lisilo na *m-*, kama *embe* lilivyo tunda la *mwembe*. Likopodi haina tunda. Tumeliweka neno katika ngeli ya [i-/zi-], ambamo maneno mengi ya mkopo hukaa, nalo halibadiliki kwa wingi.

Sahihi: *Likopodi hii inatambaa chini ya misonobari.*
Sahihi: *Likopodi nyingi hazitoi virungu kabla hazijakomaa.*
Sahihi: *Chipukizi hili la likopodi lina pingili saba, basi lina takriban miaka saba.*
Si sahihi: *Kuvumwani hii ina mizizi na shina.* (Kuvumwani haina mizizi wala shina.)
Si sahihi: *Mbegu za likopodi hupeperushwa na upepo.* (Sema: *spora za likopodi*.)
Si sahihi: *Likopodi inachanua kiangazi.* (Haina ua. Sema: *inatoa virungu kiangazi*.)

Kwa kitenzi, *tambaa* ndicho kinachofaa kwa shina lake: linakwenda chini, likishika ardhi kwa mizizi kadiri linavyosonga. *Tanda* hufaa kwa zulia zima linapofunika eneo. *Paraga* na *kwea* hazifai, kwa kuwa mmea huu haupandi juu ya kitu kingine. Wala usiseme *jani la likopodi* ukimaanisha chipukizi zima. Jani ni kile kijisindano cha milimita chache, na chipukizi moja lina majani mengi mno.

Kwa nini jina liwe na uzito

Likopodi ya pingili si mmea ulio karibu kutoweka duniani. Katika Ufini na Uswidi bado ni ya kawaida. Lakini kadiri unavyoshuka kusini na magharibi mwa Ulaya, huzidi kuwa adimu, na msitu unapokatwa wote na jua kuipiga ardhi, zulia lake hudhoofika. Watu nao huichuma kwa mapambo, hasa mataji ya Krismasi, kwa kuwa hubaki kijani muda mrefu baada ya kung'olewa. Anayeivuta ardhini huvuta shina zima litambaalo. Kilichotoka kwa mkono mmoja wa dakika mbili kilikuwa kimekusanywa pingili kwa pingili, kila moja kwa mwaka wake. Na kukirudisha kwa njia ya spora ni kuanzia gizani, miaka mingi kabla ya jani la kwanza.

Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 1992 kuhusu makazi ya asili, uliliweka kundi la *Lycopodium* katika orodha ya mimea ambayo uchumaji wake unaweza kuhitaji kudhibitiwa. Nchini Ujerumani mmea huu umelindwa, na ni marufuku kuuchuma porini. Hapa mfasiri wa sheria hukutana na mtego wa mwisho: sheria hutumia jina la zamani, *Lycopodium*, na vitabu vipya vya mimea husema *Spinulum*. Asiyejua kwamba majina hayo mawili ni ya mmea mmoja anaweza kudhani kuwa mmea aliouona haumo katika sheria. Neno moja la Kiswahili, *likopodi*, likitumiwa kwa uthabiti kwa kundi zima, huondoa shaka hiyo: jina la jenasi libadilike litakavyo, msomaji anajua kinachokatazwa ni kipi.

Basi mzazi akiulizwa na mwanawe njiani, "Hiki ni nini?", haitamlazimu kusema, "Majani tu." Ainame pamoja naye, atafute pale shina lilipobanwa, waanze kuhesabu kutoka chini: pingili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakifika juu watakuwa wamejua umri wake. Kisha waliache mahali pake, na mwaka ujao wakirudi watakuta pingili moja imeongezeka.